Vijiti vya kupimia GMO: vinaona nini, vinakosea wapi, na nani Nyanda za Juu Kusini avinunue

"Hii mbegu si GMO kweli?" Msimu wa kupanda ukikaribia, swali hilo halikosekani kwenye maduka ya pembejeo kuanzia Mwanjelwa na Mbalizi hadi Vwawa, Makambako na Mafinga, na muuzaji mara nyingi hana cha kujibu zaidi ya kuapa. Ipo bidhaa inayoahidi jibu lisilohitaji kiapo: vijiti vya kupimia protini za GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba kimaabara, vinavyotoa mstari ndani ya dakika 5 hadi 10, bila umeme na bila maabara. Tumevitazama kama kifaa cha kazi kwa watu wa aina tatu: mfanyabiashara wa mahindi anayepitisha mzigo Tunduma au Kasumulu, kikundi cha wakulima kinachozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa (QDS), na mnunuzi wa soya. Mkulima wa ekari mbili anayetaka tu kujua kama mfuko aliouchukua dukani ni GMO asihangaike kununua. Sababu ipo mbele.

Vijiti huja ndani ya kopo lililofungwa vizuri pamoja na punje za silika za kunyonya unyevu, kwa kawaida 50 au 100. Kila kimoja ni kama urefu wa kidole, na upana haufiki nusu sentimita. Pakiti ya kupimia majani huongezewa vibomba vidogo vya plastiki vyenye kifuniko, vijiti vya kupondea na chupa ya bafa, yaani maji maalumu ya kukamulia protini. Pakiti ya kupimia nafaka mara nyingi haina bafa. Unatumia maji safi ya kawaida. Mashine ya kusagia, mizani na bambo la kuchomea magunia unajitafutia mwenyewe. Usitegemee kuvikuta kwenye rafu pamoja na mbolea. Huagizwa kupitia wauzaji wa vifaa vya maabara, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti iliyobakiza miezi miwili ni hasara kwa mtu anayepima wakati wa mavuno tu.

Kazi yake ni hii. Ndani ya kijiti zimepakwa kingamwili zinazoshika protini moja tu, na nyingine zilizobeba chembe za rangi. Maji yenye sampuli yanapanda kwenye kijiti, protini ikiwemo inanaswa katikati na mstari mwekundu unatokea. Mstari wa juu zaidi ni wa kidhibiti, na lazima uonekane kila mara. Usipoonekana, kipimo hicho kimekufa, hata kama ule wa chini umeng'aa. Mistari miwili maana yake protini ipo. Mmoja wa juu peke yake maana yake haikuonekana, na neno "haikuonekana" mfanyabiashara alishike vizuri, kwa sababu halimaanishi "haimo".

Teknolojia hii ilipata umaarufu kwenye maghala ya Marekani mwaka 2000. Mahindi ya StarLink, yenye protini Cry9C, yaliruhusiwa mwaka 1998 kwa chakula cha mifugo pekee, kwa kuwa wataalamu hawakuwa na uhakika kama protini hiyo isingeleta mzio kwa binadamu. Septemba 2000 ikakutwa kwenye vyakula vya watu madukani. Wanunuzi wa nafaka wakahitaji kitu cha kupimia lori likiwa bado getini, na kijiti kikawa jibu. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kiliwapima watu waliodai kudhurika na hakikupata ushahidi kwamba Cry9C ndiyo iliyowaletea mzio. Hasara ya kuondoa bidhaa na kutenganisha mizigo ilikuwa kubwa hata hivyo, nayo ilitokana na mchanganyiko ambao jicho haliwezi kuuona.

Sasa tuje kwenye kupima mahindi ya punje, maana hapa ndipo wengi wanaharibu.

Punje 1,000 za mahindi ya huku zina uzito wa gramu 300 hadi 400, hivyo punje 300 ni kama gramu 100 au zaidi kidogo. Hesabu punje mara moja, pima uzito wake, kisha siku nzima fanya kazi kwa uzito. Saga hadi upate unga kama wa ugali, bila punje nzima iliyobaki. Ongeza maji kwa kipimo cha karatasi ya pakiti. Kwa mahindi mara nyingi ni kati ya mililita 1.25 na 1.5 kwa kila gramu, na anayemimina kwa macho anaishia na uji ambao kijiti hakiwezi kuunyonya. Funika, tikisa kwa nguvu nusu dakika, acha unga utulie chini. Nyonya maji ya juu tu, yaliyo meupemeupe, weka kwenye kibomba, tumbukiza kijiti na usikishike tena. Soma kwenye dakika iliyoandikwa. Ukikirudia baada ya nusu saa unaweza kukuta kivuli cha mstari kilichotokana na kukauka, na kivuli hicho kimewahi kuwagombanisha watu wengi kuliko GMO yenyewe.

Kwa nini punje 300? Ni hesabu, wala si desturi. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba mzigo wenye GMO asilimia 1 hautakupita, unahitaji punje 299. Ukitaka kunasa asilimia 0.5 zinakuwa 598, na asilimia 0.1 ni karibu 3,000, yaani kama kilo moja. Mtu aliyepima punje 300 mara moja, ilhali mzigo una asilimia 0.3, ana nafasi ya mara 4 kati ya 10 ya kutangaza kuwa mzigo ni safi wakati si safi. Halafu kuna uwezo wa kijiti chenyewe: karatasi itakuambia kama kinaona punje 1 katika 200 au 1 katika 800. Kama ni 1 katika 200, zile punje 300 zigawe mara mbili, 150 na 150, vijiti viwili. Ukizisaga pamoja umeiyeyusha punje moja ndani ya 299 na kijiti hakitaiona. Pakiti ya bei nafuu yenye uwezo mdogo huwa ghali kwa njia hii, kwa kuwa unamaliza vijiti vingi kwa mzigo mmoja.

Lakini kosa kubwa liko kwenye gunia. Kanuni ya kawaida ya kuchukua sampuli inasema magunia hadi 10 choma yote. Kati ya 10 na 100 choma 10. Zaidi ya 100 tafuta kipeuo cha pili. Lori la magunia 300 ya kilo 100 linakuwa magunia 18. Kwa unyevu au wadudu kanuni hiyo inatosha, maana tatizo huwa limesambaa. GMO haisambai hivyo. Inaingia kama magunia matatu ya mtu mmoja yaliyopakiwa pamoja na ya wengine. Ukichoma 18 kati ya 300, na yenye GMO ni matatu tu, uwezekano wa kuyakosa yote matatu ni asilimia 83. Bambo lako ni zuri, kijiti chako ni kizima, mstari wa kidhibiti umetokea, na bado mara nane kati ya kumi umepitwa.

Dawa yake ni kuchukua kidogo kutoka kila gunia wakati wa kupakia au kushusha: punje 10 kwa gunia, magunia 300, jumla punje 3,000. Hiyo ni kilo moja uliyoipata bila kupanda juu ya lori. Changanya vizuri, gawa mafungu manne ya punje 750, tumia kijiti chenye uwezo wa 1 katika 800. Vijiti vinne kwa lori zima ni matumizi ya busara. Vijiti ishirini kwa magunia uliyoyafikia kwa mkono nyuma ya lori ni kujifariji.

Mengine yanayoharibu matokeo tumeyaona yakijirudia. Baridi ni la kwanza kwa ukanda huu: asubuhi ya Juni au Julai Mbeya mjini, Makete au Njombe, bafa iliyolala kwenye stoo ni baridi mno, maji yanapanda polepole na mstari hafifu hautokei kwa wakati. Vijiti na bafa virudi kwanza kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 18 hadi 25. Ukilitoa kopo kwenye friji na kulifungua hapohapo, unyevu wa hewa unageuka maji juu ya vijiti na umeviharibu vyote vilivyobaki. Vumbi la mashine ni la pili. Kikombe cha kusagia kilichosaga mzigo wenye GMO kisipooshwa, kitahamishia protini kwenye mzigo unaofuata, nawe utamkataa mtu asiye na hatia. Osha, kausha, na kila baada ya sampuli kadhaa pima kikombe chenyewe kwa kusagia mahindi unayoyajua. La tatu ni rangi ya dawa. Mbegu iliyopakwa dawa, iwe ya waridi, ya kijani au ya bluu, hutoa rangi inayopanda na maji na kuuficha mstari. Ioshe kwa maji yenye sabuni kidogo hadi rangi ipungue, suuza, kausha, vaa glavu, na mabaki usiwape kuku. Au iache mbegu, otesha chache ndani ya trei, upime jani.

Kupima jani ni rahisi kiasi cha kufurahisha. Weka jani changa kati ya mdomo wa kibomba na kifuniko, funga, kipande cha duara kinakatika na kudondoka ndani. Fanya mara mbili au tatu. Ponda, ongeza kama nusu mililita ya bafa, ponda tena, tumbukiza kijiti. Protini za Bt, zile za kuua wadudu, za mahindi ya MON810, aina mojawapo ya mahindi ya GMO, huwa nyingi kwenye jani kuliko kwenye punje, kwa hiyo mstari hutoka haraka. Protini ikizidi sana mstari unaweza kufifia badala ya kukolea. Ukiushuku, chukua tone moja la sampuli, ongeza matone tisa ya bafa, urudie.

Ila jani lina mtego ambao vikundi vya wazalishaji wa mbegu wanapaswa kuujua. Jani ni la mama. Chavua ikiruka kutoka shamba la jirani lenye GMO na kutua kwenye hariri za mahindi yako, punje zitakazotokea zinabeba jeni wakati jani la mmea ulioyazaa litasema safi mpaka kesho. Anayetaka kujua hali ya mbegu alizovuna apime punje, au miche iliyooteshwa kutoka kwenye punje hizo. Kupima majani ya shamba halafu kutia saini kwamba mavuno ni safi ni kosa la kitaalamu, na tunalitaja kwa ukali kwa sababu kazi yenyewe ni nyepesi na inashawishi.

Kijiti kimoja hujibu protini moja. Huu ndio udhaifu mkubwa wa bidhaa, na matangazo yake huuficha. Hapa Tanzania hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kulimwa kibiashara. Zambia nayo hailimi mahindi ya GMO kibiashara, na ndiyo nchi iliyokataa msaada wa mahindi hayo mwaka 2002 katikati ya njaa, wakati wa Rais Levy Mwanawasa. Malawi iliruhusu pamba ya Bt. Kwa mahindi, chanzo cha kuangalia kusini mwa Afrika ni Afrika Kusini, ambako zaidi ya asilimia 80 ya mahindi ni GMO. Kwa hiyo kijiti cha kwanza kununua ni cha CP4 EPSPS, protini ya kuvumilia kiuagugu cha glaifosati. Cha pili ni Cry1Ab, iliyomo kwenye MON810 na Bt11. Halafu Cry2Ab kwa ajili ya MON89034, na Cry1F kwa TC1507. Anayenunua Cry1Ab pekee na kuandika "hakuna GMO" kwenye karatasi ya mzigo ameandika asichokipima. Kwa soya mambo ni mepesi: CP4 EPSPS imo kwenye soya iliyoanza kulimwa kibiashara mwaka 1996 na vizazi vyake vingi, hivyo kijiti kimoja kinafanya kazi kubwa. Mnunuzi wa soya ya Mbozi au Songea anayedaiwa uthibitisho na mteja wa nje atapata thamani ya pesa yake hapa kuliko mtu mwingine yeyote.

Vipo ambavyo hakuna kijiti kitakachoviona. Joto huharibu protini, kwa hiyo mashudu ya soya yaliyokaangwa kiwandani na unga uliopikwa huenda visionyeshe kitu. Mafuta yaliyosafishwa hayana protini ya kupima. Mahindi ya kuhimili ukame yaliyojaribiwa Makutupora, Dodoma, kuanzia Oktoba 2016 yalibeba jeni iitwayo cspB kutoka kwa bakteria. Likiwa jeni hilo peke yake, kijiti cha Cry1Ab kinapita kando. Mazao yaliyohaririwa jeni bila kuingizwa kitu kigeni ndiyo kabisa. Kwa hayo inabaki PCR ya maabara, inayotafuta vipande vya DNA kama 35S na nos. Nayo ina kichekesho chake. Kipande cha 35S asili yake ni kirusi cha koliflawa na kabichi, na kile cha nos kinatoka kwa bakteria wa udongoni. Sampuli iliyokaa kwenye stoo moja na kabichi za Uyole zenye ugonjwa, au yenye udongo mwingi, inaweza kuonyesha 35S au nos bila kuwa na GMO. Maabara makini hurudia kwa kipimo cha tukio mahususi, yaani kinachotambua aina moja tu ya GMO, kabla ya kutoa jibu. Ukiletewa matokeo ya 35S pekee, dai kipimo cha pili.

Turudi kwa mkulima wa ekari mbili. UH 6303 na UH 615 za Uyole, H 614 iliyozoeleka siku nyingi, SC 627, PAN 691: zote ni mahindi chotara. Chotara hutengenezwa shambani kwa mikono. Mistari mitatu au minne ya mama hupandwa kwa mmoja wa baba, mbelewele za mama hung'olewa kabla hazijamwaga chavua, na punje za mama ndizo mbegu. Ukirudia kupanda mavuno yake, chotara ya wazazi wawili hupoteza karibu nusu ya ile nguvu ya uchotara katika kizazi cha pili, shamba linatoka fupi refu fupi refu. Watu wanaliona hilo na kusema mbegu "imeuliwa makusudi". Hakuna jeni la kuua lililowekwa. Ni kanuni ileile ya urithi inayomfanya mtoto asifanane na mzazi. Rangi ya waridi ni dawa ya ukungu na wadudu, wala haina uhusiano na vinasaba. Kumtoza mkulima pesa ya kijiti ili kumwambia hivyo ni kumwonea. Kinachomuumiza yeye ni mbegu bandia, mahindi ya kula yaliyopakwa rangi na kufungwa upya, na hapo kijiti hakisaidii chochote. Lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, yenye namba ya kukwangua na kuhakiki kwa simu, mshono wa mfuko usioguswa, tarehe ya kupimwa uotaji na risiti yenye namba ya toleo ndivyo vya kuangalia. Akitaka kupima, aoteshe punje 100 kwenye mchanga wenye unyevu na kuhesabu baada ya siku saba. Chini ya 90 arudi dukani kuuliza.

Je, mstari wa pili ukitokea, kuna hatari gani hasa? Hapa wauzaji wa vijiti hutisha na wauzaji wa mbegu za GMO hutuliza, na wote wana biashara.

Upande wa afya, picha za panya wenye uvimbe ambazo bado zinazunguka kwenye simu zinatokana na utafiti wa Gilles-Éric Séralini wa mwaka 2012. Ulitumia panya 200 wa ukoo unaoota uvimbe kwa urahisi wakizeeka, 10 tu kwa kila kundi. Jarida liliufuta Novemba 2013, na mwaka 2014 ukachapishwa upya na jarida jingine. Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa GMO Novemba 2012 kwa kuathiriwa na utafiti huo, na baraza la mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, kesi zikafuata mahakamani. Mahindi ya GMO yaliyopita tathmini hayajaonyeshwa kuwa na madhara kwa mlaji kuliko ya kawaida. Hoja nzito zaidi ya kiafya inahusu kiuagugu. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka glaifosati kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na mwaka huohuo mamlaka ya chakula ya Ulaya ikaona uwezekano huo ni mdogo. Ila glaifosati inapulizwa kwenye mashamba yetu tayari bila GMO yoyote, mara nyingi na mtu aliyevaa kandambili.

Upande wa shamba ndiko tunakoona hatari iliyo karibu. Bungua wa mabua anayetawala maeneo ya juu, Mbozi, Rungwe, Njombe na Mufindi, ni Busseola fusca. Huyohuyo ndiye aliyeizoea MON810 huko Afrika Kusini, na taarifa ya usugu wake ikachapishwa mwaka 2007, miaka kama kumi tu baada ya mahindi ya Bt kuruhusiwa. Sababu kubwa ilikuwa wakulima kutoacha eneo la mahindi yasiyo ya Bt pembeni, ambalo huzalisha wadudu wasio sugu wa kujamiiana na walio sugu. Sharti lilikuwa asilimia 5 ya eneo bila kupulizwa dawa, au asilimia 20 likipulizwa. Kwa ekari moja hiyo ni mita za mraba 200 za kuwaachia wadudu wale, au 800 za kupuliza. Wakulima wakubwa walishindwa kulitimiza. Kulitegemea litimizwe na mwenye nusu ekari ni ndoto. Na chotara ya Bt yenye jeni kutoka kwa mzazi mmoja ikirudiwa kupandwa kutokana na mavuno, karibu punje 3 kati ya 4 hubeba jeni na moja haina, kwa hiyo bungua anakulia kwenye mchanganyiko unaomfundisha usugu haraka. Viwavijeshi vamizi, waliotufikia mwaka 2017, nao walianza kuonyesha usugu kwa Cry1F huko Puerto Rico mwaka 2006.

Kuna umbali pia. Mashamba ya mbegu za mahindi hutengwa kwa mita 200 au zaidi. Nenda Mbozi utafute mita 200 kati ya shamba na shamba. Atakayepanda kisirisiri hawezi kubaki na GMO yake peke yake, na jirani atakayekataliwa mzigo hatakuwa na wa kumdai. Kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, zilimbebesha dhima mwenye GMO hata bila kuthibitishiwa uzembe; mwaka 2015 zikalegezwa kwa ajili ya utafiti, majaribio ya Makutupora yakaanza, Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru yasimamishwe na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 Adolf Mkenda, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, akatangaza kusitisha majaribio ya GMO. Maoni yetu: agizo la kusimamisha liliwanyima wakulima takwimu ambazo zingemaliza nusu ya ubishi huu.

Kwa asiyeweza kununua vijiti, ipo njia ya trei kwa ajili ya CP4 EPSPS. Otesha punje 300 kwenye trei ndani ya banda. Zikifika majani mawili hadi matatu, puliza glaifosati ya gramu 360 kwa lita, mililita 10 kwenye lita 1 ya maji, hadi majani yalowe. Subiri siku 14. Mahindi ya kawaida yanakauka. Mche uliosimama unaweza kuwa uliikosa dawa, kwa hiyo upulizie tena kabla ya kupiga kelele. Usiuache utoe mbelewele na usiuhamishie shambani. Njia hii haioni Bt, inakula wiki tatu, lakini gharama yake ni mchanga na dawa kidogo.

Na kama bajeti ya ghala inatosha aina moja tu ya vijiti, tunashauri vya sumukuvu vitangulie. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla na 5 kwa aina ya B1. Mahindi yanaanikwa chini Ilula na Igawa kila mwaka. GMO ni jambo la lori moja moja.

Mzigo ukionyesha mistari miwili, rudia kwa sampuli mpya na kikombe kilichooshwa. Ikirudi vilevile, tenga magunia, tunza kilo moja ya sampuli kwenye mfuko wa karatasi uliosainiwa na pande zote mbili, usiuze kama mbegu, na taarifa iende kwa mkaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, mpakani au, kwa mbegu, TOSCI. Masuala ya usalama wa bioteknolojia yako chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, Mazingira. Usimtangaze muuzaji kwenye makundi ya simu kwa kijiti kimoja.

Kwa mnunuzi wa soya tunavipa vijiti hivi alama 8 kati ya 10. Kwa msafirishaji wa mahindi 6, akikubali kuchukua punje kutoka kila gunia. Akichoma ya nyuma ya lori tu, 2. Kikundi cha mbegu 7, kikipima punje. Duka la pembejeo halivihitaji. Na vijiti vilivyopitwa na tarehe vibaki vya kufundishia wapimaji wapya, visiguse mzigo wa mtu.